Usiuze kishikwambi chako: kompyuta ya biti na matangazo niliyoinunua mara mbili

Kuna swali naulizwa kwenye meseji karibu kila wiki: "Dada, yale matangazo yako ya sauti unatengenezea wapi? Mimi nina kishikwambi, ninunue laptopu gani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Leo naandika yote hapa, pamoja na sehemu ambayo huwa siisemi, ya laki nne zangu zilivyoondoka.

Kwa wageni wa ukurasa: nina fremu hapa Nkende, Tarime. Nauza kava, chaja, protekta na spika ndogo, na zaidi ya nusu ya oda zangu zinatoka WhatsApp na Facebook. Muziki sikusomea popote. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia dukani. Matangazo ya sauti nilianza kwa shida yangu mwenyewe: nilikuwa na spika mlangoni inayopiga nyimbo za watu, mteja anacheza kidogo halafu anapita. Nikasema ngoja nijirekodi mwenyewe, nitaje bei, niweke na biti nyuma. Nikafanya kwenye kishikwambi, nikaweka spikani, nikaweka na stetasi. Wiki hiyohiyo muuza viatu wa jirani akaja: "Na mimi nitengenezee, nakupa elfu kumi."

Hapo ndipo biashara ya pili ilipoanzia. Sio studio, msinifikirie makubwa. Ni chumba changu, blanketi mbili ukutani na godoro.

Kishikwambi chenyewe ni Samsung ya kawaida, RAM 3. (Neno kishikwambi wengi tulilizoea wakati wa Sensa ya 2022, makarani walipopita nalo majumbani. Kabla ya hapo mtaani tulikuwa tunasema tableti tu.) Ndani niliweka BandLab, ambayo ni ya bure, na baadaye nikanunua FL Studio Mobile. Kwa mwaka mzima vilinitosha. Biti ya sekunde 30, sauti yangu juu yake, naongeza mwangwi kidogo, natuma. Mwenye duka la mtandaoni anayetaka tangazo lake mwenyewe tu, la stetasi, la Reels, la spika ya mlangoni, nakwambia ukweli wa Mungu: huhitaji kompyuta. Kaa na kishikwambi chako, hela hiyo ongeza mzigo.

Kompyuta inakuja pale watu wengine wanapoanza kukulipa. Kwangu dalili zilikuwa hizi: nikifika nyimbo za ndani sita au saba (ngoma, besi, kinanda, sauti yangu, sauti ya pili, milio) kishikwambi kinaanza kukwama na kukwaruza. Mteja akisema "badilisha bei ya ile sabuni", nikifungua kazi ya mwezi uliopita nafasi imejaa, nimeshaifuta. Na kusafisha sauti kwa kidole kwenye kioo kile, kukata pumzi na makohozi, ni kazi ya kuumiza macho. Nilikuwa natumia saa tatu kwa tangazo la elfu kumi.

Basi nikaamua ninunue laptopu. Nikatoa 250,000 kwenye hela ya mzigo wa dukani. Mama akanikopea 150,000 kwenye VICOBA yao, akaniambia, "Mwanangu, hii si ya kwangu, ni ya akina mama wenzangu. Marejesho ni kila Jumapili." Jumla 400,000.

Nikampata muuzaji mtandaoni. Picha nzuri, maelezo makubwa: "Core i7, RAM 8, HDD 500, inafaa graphics na studio." Mimi kichwani najua i7 ni kubwa kuliko i5, na i5 ni kubwa kuliko i3. Basi. Nikamuuliza, "Kaka, itaweza FL Studio?" Akajibu, "Dada, hiyo ni i7, itapiga chochote." Nikatuma hela, mzigo ukaja na basi.

Ilikuwa kimeo. Haikuwa mbovu, iliwaka na kuandika vizuri, lakini kwa kazi ya sauti ilikuwa kimeo. Kuwaka tu ilichukua kama dakika nne. Ukifungua programu feni inalia kama mashine ya kusaga, na maiki inadaka ule mlio wote. Biti ikiwa na vitu vinne sauti inakatikakatika. Siku ya tatu nikapata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata: mwenye duka la vifaa vya ujenzi anafungua tawi Jumamosi, anataka matangazo matatu tofauti, ametanguliza 40,000. Ijumaa usiku laptopu ikaganda katikati ya kuhifadhi. Nikaizima kwa nguvu, ilipowaka faili halifunguki. Nikarudi kwenye kishikwambi saa sita usiku kuanza upya, asubuhi nikawa na tangazo moja tu, tena la haraka haraka. Yule baba hakunigombeza. Aliniambia tu, "Binti, nirudishie changu." Nikarudisha 40,000 yote. Jumapili mama akanisubiri na daftari la marejesho.

Kilichofuata ni miezi ya kujifunza kwa hasira. Nikagundua nilichouziwa.

Ile i7 yangu kwenye mfumo ilikuwa imeandikwa i7-2620M. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 2, yaani kizazi cha pili, prosesa ya mwaka 2011. Na ndani ina viini viwili tu. Laptopu niliyonayo sasa ni i5, lakini ni i5-8350U, kizazi cha nane, ya 2017, na ina viini vinne. Kwa hiyo hiyo "i5 ndogo" inaiacha mbali ile "i7 kubwa", na haipati joto vile. Muuzaji akikuandikia "Core i7" peke yake bila namba za nyuma, hajakwambia kitu. Mwambie apige picha ya skrini ya mahali pameandikwa jina kamili la prosesa. Akikuzungusha, mwache.

Tatizo la pili lilikuwa ile HDD. Hiyo ni diski inayozunguka, ya zamani. SSD haizunguki, haina mlio, na inasoma mafaili kwa kasi ambayo ukishaizoea huwezi kurudi nyuma. Programu ya muziki inavuta sauti nyingi kwa wakati mmoja kutoka kwenye diski: mlio wa ngoma huku, sauti yako kule. Diski inayozunguka inahema. Kama kwa sasa una laptopu ya HDD na huna hela ya kubadilisha mashine, badilisha diski kwanza kabla ya kitu kingine chochote. SSD ya GB 256 ni bei ndogo kuliko laptopu, na fundi anaifunga ndani ya saa moja. Ila angalia pia vile vilaptopu vipya vya bei rahisi, vyeupe vyembamba vizuri, vyenye eMMC ya GB 64. Hiyo eMMC si SSD. Ni ya polepole, imegandishwa kwenye ubao hivyo hubadilishi, na Windows peke yake inakula karibu nusu. Ni vipya kwenye boksi, na ndiyo vinavyopiga watu wengi.

RAM: 8 ndiyo ya kuanzia, 16 ndiyo ya kukaa nayo. Ukikuta 4, iwe mashine unayoweza kuongeza. Hapa ndipo mashine za ofisini zilizotumika zinashinda mpya za bei rahisi. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, HP EliteBook 840 G5 nazo mbili, unafungua chini unaongeza. Nyingi nyembamba za kisasa RAM imechomelewa, utakayonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Kwa nini nasema kizazi cha nane na sio cha sita au cha saba ambazo ni rahisi zaidi? Ni Windows. Microsoft walifunga usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane kwenda juu. Kuna mafundi wanailazimisha kwenye mashine za zamani na inakubali, lakini haiko kwenye orodha ya wenyewe. Mashine yako ndiyo yenye WhatsApp ya biashara, ndiyo yenye ukurasa wako wa Facebook, ndiyo yenye namba za wateja. Sasa hivi wauzaji wanazimwaga za kizazi cha sita na cha saba kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyohiyo. Kama hela ndiyo hiyo na huna namna, 840 G3 ya kizazi cha sita yenye SSD bado itapiga biti kuliko ile i7 yangu. Ila jua unachonunua na punguza bei kisawasawa.

Nilivyonunua ya pili nilikwenda mwenyewe. Niliuza kimeo (nitawaambia mwishoni kwa nani), nikabana matumizi miezi saba, matangazo nikayafanya kwa kishikwambi tu, nikamaliza kwanza deni la akina mama. Nikapanda basi kwenda Mwanza na hedifoni za waya mfukoni, fleshi moja, na karatasi yenye mambo ya kuangalia. Watu wa huku mpakani wanapenda kwenda Sirari na kuvuka Isebania kutafuta bei, na si vibaya, ila piga hesabu ya ushuru wa forodha na ujiulize ikileta shida utairudisha vipi na nani. Mimi niliona Mwanza naweza kurudi.

Pale dukani nilifanya hivi. Niliiwasha ikiwa imepoa, nikahesabu sekunde. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka Task Manager, nikaenda Performance: pale unaona jina la prosesa, RAM ngapi na nafasi ngapi zimetumika, na diski kama ni SSD au HDD. Muuzaji hawezi kudanganya hapo. Halafu betri: unafungua Command Prompt, unaandika powercfg /batteryreport, inakutolea faili lenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Niliyoiona kwanza ilikuwa imebaki chini ya nusu. Nikasema hapana. Kaka wa duka akacheka, "Dada umesomea wapi?" Nikamwambia, "Kwenye laki nne."

Kisha nikaizima nikaingia kwenye BIOS. Hii watu wengi hawaijui. Mashine za ofisini zinatoka nje kwa wingi, nyingine zimebaki na nywila ya kampuni ya huko. Kwenye ThinkPad unabonyeza F1 ikiwa inawaka, HP ni F10, Dell ni F2. Ikikudai nywila na muuzaji haijui, iache hapohapo hata kama bei ni tamu. Leo inafanya kazi, kesho ukitaka kubadilisha kitu umefungiwa nje ya mali yako.

Mwisho nikachomeka hedifoni, nikapandisha sauti juu kabisa bila kupiga kitu, nikasikiliza. Ukisikia mvumo au "zzzz" inayobadilika ukisogeza kipanya, tundu lile halikufai kwa kazi ya sauti. Nikachomeka chaja, nikasikiliza tena. Nikajaribu kila tundu la USB kwa fleshi, kwa sababu ndipo maiki itakapokaa.

Nikatoka na ThinkPad T480, i5-8350U, RAM 8, SSD 256, kwa 650,000 na karatasi ya miezi mitatu. RAM nyingine 8 nimeiongeza baadaye. Kitu kimoja cha T480 ambacho sikukitegemea: ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nje unayochomoa. Umeme ukikatika huku nikiwa katikati ya kurekodi, naendelea. Ndiyo maana sikushauri kompyuta ya mezani kwa wenzangu wa huku, hata kama kwa hela ileile utapata yenye nguvu zaidi. Ile ukiinunua nunua na UPS, na hesabu ya UPS watu huwa wanaisahau.

Kuhusu MacBook, maana najua mtauliza. MacBook Air ya M1 ya mwisho wa 2020 haina feni kabisa, iko kimya, na kwa muziki ni mashine nzuri mno. Ila RAM haiongezeki, na bei yake hata iliyotumika ni mtaji wa fremu nzima. Mwenye iPad anaweza kushawishika kwa sababu GarageBand ya iPad inafungua kazi zake moja kwa moja kwenye Mac, na ni ya bure pande zote mbili. Kwenye Windows GarageBand haipo. Lakini hata ukiwa na iPad na laptopu ya Windows hujakwama: toa kila sauti peke yake kama WAV, hamishia kwenye laptopu, panga upya. Kazi ya dakika kumi.

Sasa tuje kwenye kichwa cha habari. Nilivyopata laptopu nzuri nilitaka kuuza kishikwambi. Nilikuwa nimeshakipiga picha. Kilichonizuia ni baba mdogo.

Mteja mmoja anayeuza asali na maziwa mgando alitaka tangazo lenye litungu, akasema watu wa kwetu wakisikia litungu watasimama. Baba mdogo anapiga, lakini hawezi kuja kwenye chumba changu kukaa mbele ya maiki. Nilimuomba, akanijibu, "Binti, mimi napiga nikiwa nimekaa pangu, jioni, ng'ombe wakiwa wamerudi. Njoo wewe." Laptopu, nyaya, chaja, kule hakuna pa kuchomeka. Nikaenda na kishikwambi. Nikakiweka juu ya kigoda kama mita moja kutoka kwake, nimekizimia laini ili simu isiingie, nikamrekodi nusu saa. Kuna sauti ya kuku mle ndani, nimeiacha. Lile tangazo ndilo lililoniletea wateja wengi kuliko yote, na baba mdogo nilimpa 20,000 yake kwa sababu ni kazi yake, sio "msaada wa ndugu".

Toka siku hiyo nimegawanya kazi. Kishikwambi kinatoka, laptopu inakaa. Nikiwa dukani hakuna mteja, nabuni biti kwenye FL Studio Mobile kwa vidole. Nikirudi nyumbani nahamisha faili, nalifungua ndani ya FL Studio ya kompyuta, kwa sababu ile ya Mobile inaingia kule kama kifaa kimojawapo. Muwe makini: njia hiyo ni ya kwenda tu. Kazi ukishaihifadhi kwenye kompyuta kishikwambi hakiwezi kuifungua. Basi lile la mwanzo usilifute.

Kishikwambi pia ndicho ninachosomea maneno wakati narekodi, maana hakina feni na karatasi inachakarisha. Na ndicho cha kumsikilizishia mteja akija dukani: tangazo likisikika vizuri kwenye spika ya hovyo ya kishikwambi, litasikika popote. Kuna na programu inaitwa spacedesk, inakigeuza kishikwambi kuwa skrini ya pili ya laptopu ya Windows kupitia Wi-Fi. Mimi huwa naweka maneno huko na biti huku.

Programu za kwenye kompyuta nitapita haraka. FL Studio ni ya Wabelgiji wa Image-Line, ilianza miaka ya tisini ikiitwa FruityLoops. Ukiinunua mara moja masasisho ni ya bure maisha yote, hulipi kila mwezi. Ya majaribio haina kikomo cha siku na inakuruhusu kutoa wimbo uliokamilika, ila kazi uliyoihifadhi haifunguki tena mpaka ulipie. Mimi nilianza nayo hivyohivyo: tangazo linaanza na kuisha siku hiyohiyo, sizimi mpaka nimetoa WAV. Reaper ni nyepesi sana kwa mashine dhaifu, wanakupa siku 60 za kujaribu, na leseni ya wafanyabiashara wadogo ni dola 60. Kwa kukata sauti tu, Audacity ni ya bure na inatosha. Msiweke zile "crack" za fundi wa mtaani. Mimi niliwekewa kwenye kile kimeo, akanizimia na ulinzi wa virusi ili "iingie vizuri", na baada ya siku chache ukurasa wangu wa Facebook ukaanza kupost miwani ya jua nisiyoiuza. Kuurudisha kulinichukua wiki mbili, na wateja walikuwa wanauliza bei ya miwani.

Na kabla hujailaumu laptopu kwamba inachelewa, soma hapa, maana hili limesumbua watu wengi walioniandikia. Unaimba, sauti inakurudia masikioni kwa kuchelewa kama mwangwi. Kwanza, toa hedifoni za Bluetooth. Hizo zinachelewa zenyewe hata kwenye kompyuta ya milioni tano. Tumia za waya. Pili, weka draiva ya ASIO. Kama huna saundikadi ya nje, ASIO4ALL ni ya bure. Tatu, kuna sehemu inaitwa bafa. Kwenye kurekodi iweke 256: kwa sauti ya 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kuchelewa kwa kama milisekunde 6, sikio halishtuki. Ukimaliza kurekodi na unachanganya, ipandishe mpaka 1024, mashine ipumue. Nilikuwa naiacha 1024 muda wote, naimba nje ya biti, nikadhani ni sauti yangu ndiyo mbaya.

Saundikadi yangu ni Behringer UM2, nimeiagiza kwa 195,000 miezi mingi baada ya laptopu. Usikimbilie. Na usikimbilie maiki kubwa ya studio inayodaka kila kitu kama chumba chako ni cha bati. Tarime mvua hainyeshi kwa adabu. Maiki ya kawaida ya mkononi, ile ya kanisani, ukiisogelea karibu inachukua sauti yako na kuacha mengi ya nyuma. Hata hivyo mvua ikianza kwenye bati, mimi nafunga, nauza kava.

Kitu kingine cha wauzaji wa mtandaoni: usiweke wimbo wa msanii nyuma ya tangazo lako ukidhani ni heshima kwake. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na ofisi yake COSOTA, na Facebook nao wanaizima video kabla hata COSOTA hawajasikia. Ndiyo faida ya kupiga biti yako. Na msiseme vifaa vyetu ni vidogo. Wale vijana wa singeli wa Sisso, Dar es Salaam, kazi zao zilitoka studio ndogo ya mtaani, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikazitoa kama albamu, Sounds of Sisso, ikasikilizwa mpaka Ulaya. Na singeli mnaijua, haina huruma na prosesa.

Ukituma kazi kwa mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, usiirushe kama voisi. Voisi inabanwa, besi inaondoka, mteja anasema umemlipua. WAV ya dakika moja ni kama MB 10, ya sekunde 30 ni nusu yake, bando haliumii. Na kila kazi mimi naiweka sehemu tatu: laptopuni, kwenye fleshi, na Google Drive ambayo wanakupa GB 15 za bure. Toka ile Ijumaa usiku sijapoteza faili hata moja.

Lile jambo la kimeo. Nilikiuza kwa 180,000 kwa kaka mwenye stesheni ya kuchapa barua na CV. Nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi: kizazi cha pili, HDD, feni inalia, ilishawahi kupata virusi imefutwa yote. Akasoma, akaniuliza, "Kuandika Word inaandika?" Nikamwambia hiyo inaandika. Akalipa. Nikamshauri aweke SSD, akaweka mwezi uliofuata. Juzi nimepita kwake kuprinti bei zangu mpya, inawaka kwa sekunde ishirini na kitu. Feni bado inalia.